Unga wa bakteria wa kula mafuta: miezi mitatu katika uwanja wa gereji, Tanga

Kwa miaka tisa nimepanga kiwanja kimoja hapa Tanga kwa ajili ya gereji ya malori na bajaji, na kwa miaka yote hiyo oili imekuwa ikidondoka ardhini: kidogo wakati wa kufungua filta, kidogo wakati ndoo inapojaa upesi kuliko fundi alivyokadiria, na mara moja, jambo ambalo sioni fahari kulieleza, pipa zima la oili chafu lililotobolewa na kutu usiku tukalikuta tupu asubuhi. Mkataba ulipokaribia kwisha, mama mwenye kiwanja alikuja kukagua. Alikanyaga kando ya shimo la kukagulia magari, kandambili yake ikanasa kwenye tope jeusi. Akaivuta, akaigeuza kuitazama soli, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilikukabidhi ardhi, wewe unanirudishia lami." Nilimwomba miezi minne nimsafishie, akanikubalia bila kutabasamu.

Njia ya kawaida hapa mjini ni kuchimba udongo uliochafuka, kuupakia kwenye lori na kwenda kuumwaga mahali ambapo mwenye mahali hayupo. Huko si kusafisha, ni kuhamisha. Ndipo mteja wangu mmoja aliponieleza kuhusu unga wa bakteria wanaokula mafuta, unaoletwa kutoka nje na kuuzwa na mawakala. Niliununua, nikautumia kwa wiki kumi na mbili, na haya ndiyo maoni yangu. Jina la bidhaa sitalitaja, kwa sababu sehemu ya malalamiko yangu inamhusu wakala, na kwa sababu ninayotaka kuyasema yanahusu aina hii ya bidhaa kuliko jina lililochapwa kwenye mfuko.

Bidhaa yenyewe ni unga wa kahawia hafifu wenye harufu ya pumba zilizochacha, kilo moja kwa mfuko, na bei yake hapa ilikaribia bei ya mifuko miwili mikubwa ya mbolea ya urea. Ndani yake mna bakteria waliokaushwa wakiwa hai, wamelala ndani ya pumba zinazowabeba. Maelekezo yanasema uwaloweke kwenye maji ya uvuguvugu yasiyo na klorini kwa saa kadhaa ili waamke, kisha uwamwagie udongo uliolegezwa. Hilo la klorini lisipuuzwe, kwa maana maji ya bomba yametiwa dawa hiyo mahususi ili kuua viumbe wa namna hii. Ukiwaloweka humo umewanunua ili uwazike. Mimi nilitumia maji ya kisima. Asiye na kisima anaweza kuyaacha maji ya bomba kwenye ndoo wazi usiku na mchana mzima, klorini ikatoka yenyewe.

Kabla sijaeleza kilichotokea, ni haki kusema kwamba wazo lenyewe si utapeli. Mafuta ya ardhini yalitokana na viumbe wa kale, na dunia imekuwa ikiyavujisha yenyewe kupitia nyufa za chini ya bahari tangu kabla binadamu hajachimba kisima cha kwanza, kwa hiyo wapo bakteria ambao riziki yao ni hiyo hiyo. Mmoja wao, Alcanivorax borkumensis, alielezwa na wanasayansi mwaka 1998 na kupewa jina la kisiwa cha Borkum katika Bahari ya Kaskazini, naye hali karibu chochote kingine isipokuwa haidrokaboni, yaani zile kemikali za kaboni na hidrojeni zinazounda mafuta. Bakteria wa namna hii hutoa vitu vinavyofanya kazi kama sabuni, vikayavunja mafuta kuwa matone madogo. Kisha vimeng'enya vyao hupachika oksijeni kwenye mnyororo wa kaboni na kuukata kipande kwa kipande, hadi kinachobaki ni maji, hewa ya kaboni dioksidi na bakteria wengine zaidi. Minyororo iliyonyooka huliwa kwanza, yenye matawi hufuata, ile iliyojifunga kama pete huchelewa, na vile vizito vinavyofanana na lami hubaki karibu kama vilivyo. Ndiyo maana dizeli huondoka upesi kuliko oili ya injini, na oili ya injini upesi kuliko lami.

Lakini mafuta karibu yote ni kaboni na hidrojeni. Bakteria aliyezungukwa na mafuta ni sawa na mtu aliyewekewa sinia la ugali bila mboga: shibe ipo, mwili haujengeki. Ili azaliane anahitaji naitrojeni na fosforasi, na kipimo ambacho wataalamu hukitumia sana ni sehemu 100 za kaboni kwa 10 za naitrojeni na 1 ya fosforasi. Udongo wa gereji yangu, wenye ugali wa miaka tisa, haukuwa na mboga hata ya kulambia.

Tulichimba udongo mweusi hadi usawa wa magoti, tukapata toroli sitini, nikazigawa katika malundo matatu ya toroli ishirini ishirini juu ya turubai nene ili mvua isiyarudishe mafuta chini. Lundo la kwanza lilipewa unga. La pili lilipewa samadi ya kuku kutoka banda la jirani, urea na DAP kidogo (mbolea zenye naitrojeni, na DAP ina fosforasi pia), pamoja na maranda kutoka kiwanda cha mbao ili udongo usishikamane. La tatu halikupewa kitu. Lilifunikwa tu kama mengine, kwa sababu bila hilo ningeweza kuusifu unga kwa kazi iliyofanywa na joto la Tanga. Malundo mawili ya kwanza yaligeuzwa kwa chepe kila Jumamosi na kunyunyiziwa maji hadi udongo ukifinyangwa mkononi ushikamane bila kuchuruzika. Nakiri kosa moja: ilipasa pawe na lundo la nne, la kugeuzwa na kumwagiwa maji pasipo kingine chochote. Sikuwa na nafasi, na mafundi walikuwa wamekwisha kuchoka na udongo.

Ajali iliyotokea ikanipa jibu ambalo sikulitafuta. Kijana wangu wa mafunzo, aliyekuwa anasoma mfuko kwa makini kuliko mimi, alinionyesha kwamba mchoro una vifurushi viwili, na sisi tulikuwa na kimoja. Cha pili kiliandikwa kuwa chakula cha bakteria. Nilimpigia wakala. "Kaka, hicho cha pili si lazima," akanijibu kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kushika chepe, "hao wadudu wanajitegemea." Basi nikaendelea na unga mtupu kwa wiki tatu.

Kipimo changu kilikuwa chupa za jemu. Kila Jumamosi nilichota vijiko vitatu vya udongo kutoka katikati ya kila lundo, nikavitia kwenye chupa yake, nikajaza maji, nikaitikisa mpaka mkono uchoke na kuiacha usiku kucha dirishani. Asubuhi ya wiki ya tatu chupa ya kwanza na ya tatu zilikuwa kama mapacha: maji meupe chini, na juu yake utando mweusi unaong'aa, mzito kiasi cha kuacha duara kwenye kioo unapoinamisha chupa. Ya pili ilikuwa tofauti kabisa. Maji yake yalikuwa na ukungu wa rangi ya chai ya maziwa, na utando ulikuwa umekatikakatika vipande vidogo vilivyoelea bila kuungana. Nilipochomeka mkono ndani ya lundo la pili hadi kwenye kiwiko nilikuta joto la kama uji uliopoa. Kwa uangalifu niongeze kwamba samadi huoza na kutoa joto lake hata pasipo mafuta, kwa hiyo joto peke yake silihesabu kuwa ushahidi. Ile chupa naihesabu.

Baada ya simu kadhaa, za mwisho zikiwa si za heshima sana, kifurushi cha pili kilikuja kwa basi. Zilikuwa punje ambazo fundi wangu aliyelelewa shambani Lushoto alizitambua papo hapo: "Bosi, hii si mbolea?" Ilikuwa mbolea. Tuliichanganya kwenye lundo la kwanza, na ndani ya wiki mbili chupa yake nayo ikaanza kuwa na ukungu. Kufikia wiki ya kumi na mbili malundo ya kwanza na ya pili yalikuwa yamefanana kiasi kwamba nilimpa mke wangu ayanuse bila kumwambia lipi ni lipi, naye akasema yote mawili yananuka shamba baada ya mvua, na la tatu linanuka mimi nikirudi jioni.

Kwa maneno mengine, bakteria wa kununua walikaa wiki tatu na njaa, na bakteria ambao sikuwanunua walianza kazi siku walipopata mboga. Hao wa lundo la pili walitoka wapi? Walikuwepo. Udongo uliokunywa oili kwa miaka tisa umekuwa ukiwachuja wakazi wake kwa miaka tisa. Wasioweza kuyavumilia mafuta walikwisha kufa, waliobaki ni wale wanaoyaweza, nao walikuwa wakisubiri naitrojeni tu. Bakteria wa mfukoni wamefugwa kwenye matangi ya nchi nyingine, kisha wanateremshwa katikati ya wenyeji hao wagombanie chakula kile kile. Sishangai kwamba hawakutamba.

Nimesoma baadaye kwamba jambo hili hili lilionekana kwa ukubwa usio na mfano huko Alaska, na natamani ningelisoma kabla ya kulipa. Meli ya mafuta ya Exxon Valdez iligonga mwamba katika Prince William Sound usiku wa kuamkia 24 Machi 1989 na kumwaga galoni zipatazo milioni 11 za mafuta ghafi. Mawe ya pwani yaliyooshwa kwa maji ya moto yenye shinikizo yalipata hasara ya pili, kwa kuwa maji hayo yaliua viumbe walionusurika na mafuta. Njia nyingine iliyotumika ilikuwa kunyunyizia mbolea tu: moja ya maji iliyotengenezwa Ufaransa, Inipol EAP 22, na nyingine ya punje, Customblen, ili kuwalisha bakteria waliokuwa tayari kwenye mawe. Katika majaribio ya kwanza, ndani ya wiki chache eneo lililonyunyiziwa Inipol lilionekana safi kwa macho katikati ya mawe meusi yaliyolizunguka. Mwaka uliofuata shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilizijaribu bidhaa za bakteria wa kununua, kwanza maabara, kisha mbili kati yake ufukweni. Hizo mbili hazikuonyesha tofauti ya maana na wenyeji waliopewa mbolea.

Hata ile habari ya bakteria mashuhuri kuliko wote wa kula mafuta inaelekea huko huko. Ananda Chakrabarty, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi General Electric, alitengeneza bakteria mwenye uwezo wa kuvunja aina kadhaa za haidrokaboni kwa pamoja, na mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba kiumbe hai kilichotengenezwa na binadamu kinaweza kupewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuumiliki uvumbuzi wake. Uamuzi huo ulibadilisha biashara ya dunia. Bakteria mwenyewe hakuwahi kutumika kusafisha mafuta yaliyomwagika.

Kuna hewa pia, na hapa maelekezo ya mfuko wangu yana upungufu mkubwa kuliko ule wa wakala. Yameandika "geuza inapobidi". Ukifanya hesabu ya kikemia, kuivunja gramu 1 ya mafuta hadi mwisho kunahitaji zaidi ya gramu 3 za oksijeni, na oksijeni hiyo haiingii ndani ya udongo ulioshindiliwa na matairi ya malori kwa kuombewa. Huko Alaska, miaka ishirini baada ya ajali, bado palikuwa na mafuta yaliyonasa chini ya kokoto, mahali ambapo hewa na virutubisho havikufika. Kwangu mimi, wiki moja niliyosafiri na mafundi wakaacha kugeuza, lundo la pili lilianza kutoa harufu ya yai bovu, ishara kwamba katikati hewa imekwisha na kazi imeingia mikononi mwa bakteria wengine walio wavivu zaidi. Tuligeuza mara mbili wiki hiyo, harufu ikaondoka. Kama ningelazimika kuandika maelekezo upya, neno chepe lingekuja kabla ya neno bakteria.

Kina cha uchafuzi nacho mfuko haukigusi kabisa. Mahali pipa lilipotoboka, udongo mweusi haukuishia magotini; tulishuka hadi kifuani na bado chepe lilitoka na oili. Kumwaga unga juu ya mahali kama hapo na kulima juu juu ni kujidanganya, na si mimi wa kwanza kuambiwa hivyo. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake yako Nairobi, kuhusu Ogoni katika delta ya Niger nchini Nigeria, iliyotoka mwaka 2011, ilieleza jinsi udongo ulivyokuwa ukisafishwa pale pale kwa kulimwa sehemu ya juu na kutiwa mbolea ili bakteria wafanye kazi, ilhali katika maeneo mengi yaliyochunguzwa mafuta yalikuwa yamezama mita 5 au zaidi. Yaliyotangazwa kuwa yamesafishwa yalikutwa bado machafu. Njia haikuwa mbaya, ila ilipewa kazi iliyo nje ya urefu wa jembe. Sehemu ya pipa mimi niliichimba yote, nikaongeza lundo dogo la nne, na shimo likajazwa kifusi safi.

Sasa kuhusu matokeo yenyewe, nisije nikaeleweka vibaya. Udongo haukurudi kuwa wa msitu. Chupa za mwisho za malundo mawili yaliyotibiwa zilikuwa na utando mwembamba wa rangi za upinde wa mvua, wa kuvunjika kwa kuguswa na ncha ya kijiti. Kunde nilizopanda kwenye makopo ziliota zote katika udongo wa lundo la pili, karibu zote katika la kwanza, na mbili tu kati ya kumi katika la tatu, tena zikiwa na majani ya njano. Maabara sikwenda, kwa kuwa bei ya kupima sampuli tatu ingezidi gharama ya kazi nzima. Ninayoyaeleza ni ya macho, pua na mkono, na anayehitaji cheti cha mamlaka ya mazingira asiridhike na chupa za jemu.

Zile kunde sikuzila, wala sikumruhusu mtu azile. Oili iliyotumika hubeba madini kutoka kwenye injini na kwenye viungo vya oili yenyewe, zinki hasa, na risasi pale ilipokusanywa zamani wakati petroli yetu ilikuwa bado ina risasi. Bakteria huvunja haidrokaboni. Madini hawayavunji, kwa kuwa hayana cha kuvunjwa. Mfuko haukusema neno lolote juu ya hili, na picha iliyoko mbele yake ni ya mkono wenye mche wa nyanya. Naliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko bei. Mama mwenye kiwanja alipokuja mara ya pili na kuusifu udongo, jambo lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama mchicha utakubali. Nilimwambia, "Utakubali, mama, lakini usiule," nikamweleza kwa nini, tukakubaliana kwamba upande huo utajengwa vyumba vya kupangisha.

Nilijaribu pia kijiko cha unga kwenye sakafu ya saruji yenye doa la dizeli. Haikuwa na maana. Maranda na brashi ya waya vilifanya kwa saa moja kile ambacho unga haukukifanya kwa wiki mbili, kwa kuwa saruji hukauka na bakteria mkavu ni vumbi tu.

Je, niununue tena? Kwa udongo wa gereji iliyokwisha kuzeeka, sitaununua. Samadi, urea, DAP na maranda vilinigharimu chini ya robo ya bei ya unga pamoja na nauli ya basi, na vilianza kazi mapema kwa wiki tatu. Naweza kuona mahali ambapo unga ungestahili bei yake: kifusi kipya ambacho hakijawahi kuonja mafuta, au tangi la maji machafu ambalo wenyeji wake wameuawa na dawa kali za kuoshea. Anayeununua ahakikishe vifurushi ni viwili, atazame tarehe ya kuisha muda, kwa sababu unga huu ni viumbe hai na wangu ulikuwa umebakiza miezi miwili, na akatae kuambiwa kwamba wadudu wanajitegemea.

Lundo la tatu bado lipo, chini ya turubai lake, likinuka vile vile. Wiki iliyopita tulilifungua na kulichanganya na samadi iliyobaki, na Jumamosi hii litageuzwa kwa mara ya kwanza. Nusu ya mfuko wa unga iko juu ya kabati la spea. Kijana wa mafunzo ameiomba akaitie kwenye choo cha shimo cha nyumbani kwao, nami nimempa.